Ramani ya Kihamba Ikae kwa Nani?

Katika siku za mavuno za mwaka 2024 tulifika kijiji kimoja cha mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, tukamkuta bibi mmoja akianika kahawa yake juu ya kichanja cha wavu. Alipokwisha kutukaribisha, alitusimulia kisa kilichompata juma lililotangulia. Kijana mmoja mpole, amevaa viatu vya mvua na kushika simu ya mkononi, alibisha hodi, akajitambulisha kuwa ametumwa na mnunuzi wa kahawa, akaomba ruhusa ya kusimama katikati ya shamba kwa dakika chache. Bibi akamruhusu. Kijana akasimama baina ya migomba, akaitazama simu mpaka ikaridhika, akauliza jina, akauliza idadi ya mibuni, akaandika, kisha akaaga.

“Mjukuu wangu,” bibi akamwuliza, “hicho ulichokipima utakipeleka wapi?”

“Kinakwenda kwenye kompyuta ya kampuni, bibi.”

“Na chama chetu kitapata nakala?”

Kijana akajibu kuwa hajui, kwani yeye alitumwa kupima tu. Akaongeza kwa adabu kwamba bila kipimo kile kahawa ya bibi haitapata soko Ulaya.

Ndugu wasomaji, tangu siku ile swali la bibi halijatutoka kichwani. Tumewauliza watu wa vyama vya msingi, tumewauliza wafanyakazi wa viwanda vya kukobolea, tumeisoma sheria yenyewe iliyomleta kijana yule shambani, na kadiri tulivyozidi kusoma ndivyo tulivyozidi kuona kuwa bibi aliligusa jambo kubwa kuliko alivyodhani. Wengi hubishana kama sheria ile ni nzuri au ni mbaya. Sisi twaona hilo si swali la kwanza.

Sheria yenyewe ni hii. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni nambari 1115 ya kuzuia biashara ya mazao yatokanayo na ukataji wa misitu. Mazao yaliyotajwa ni saba: ng’ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na vitu vingi vinavyotengenezwa kwayo. Kampuni inayoyaingiza mazao hayo katika soko la Ulaya haina budi kuthibitisha mambo mawili: kwamba shamba lilikotoka zao halikuwa msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba zao lilipatikana kwa kufuata sheria za nchi lilikolimwa, zikiwamo sheria za ardhi na za kazi. Ili kuthibitisha hayo, lazima itaje mahali penyewe pa kila shamba kwa vipimo vya latitudo na longitudo, tarakimu sita baada ya nukta. Shamba lisilozidi hekta 4 latosha kuwekewa nukta moja. Likizidi hapo, mipaka yake yote huchorwa. Kampuni inayovunja kanuni yaweza kutozwa faini, na kiwango cha juu cha faini hiyo hakipaswi kupungua asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka katika Umoja wa Ulaya.

Sheria hiyo ilikuwa ianze kutumika tarehe 30 Desemba 2024. Kelele zikawa nyingi, ikaahirishwa mwaka mmoja. Kelele zikazidi, na mwishoni mwa mwaka 2025 ikaahirishwa tena: kampuni kubwa na za kati zikapewa mpaka tarehe 30 Desemba 2026, na zile ndogo kabisa mpaka tarehe 30 Juni 2027. Katika marekebisho hayo hayo vitabu na magazeti yaliyopigwa chapa viliondolewa katika orodha. Sisi wa magazeti tumepona; mkulima wa kahawa hakupona.

Tusikimbilie kusema kwamba hii ni hila ya wazungu ya kutufungia mlango. Maneno hayo ni rahisi kutamkwa jukwaani, nayo hushangiliwa, lakini hayasemi kweli yote. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa kati ya mwaka 1990 na 2020 dunia ilipoteza hekta milioni 420 za msitu, yaani eneo linalozidi nchi zote za Umoja wa Ulaya zikiwekwa pamoja. Watu wa Ulaya wenyewe waliandika katika dibaji ya sheria yao kwamba ulaji wao unahusika na asilimia 10 hivi ya ukataji huo. Mtu anayekiri kosa lake na kutafuta njia ya kuliacha hastahili kuzomewa. Na sisi tunaoishi chini ya mlima twajua kuliko wengi maana ya msitu. Mifereji ya vihamba vyetu yatoka msituni. Tangu mwaka 1941 Wachagga wamekuwa na ule ukanda wa nusu maili, uliotengwa kando ya msitu wa hifadhi ili watu wapate kuni na majani pasipo kuuingilia msitu wenyewe. Kuambiwa kwamba mpaka wa msitu uheshimiwe si habari ngeni kwetu.

Lakini katika dibaji hiyo hiyo kuna hesabu nyingine inayofaa kusomwa. Katika huo ukataji unaotokana na mazao saba yanayoingia Ulaya, mawese na soya pekee vilikadiriwa kuchukua zaidi ya theluthi mbili. Kahawa ya dunia nzima ilikadiriwa asilimia 7 hivi. Na katika hiyo kahawa ya dunia nzima, bibi wetu mwenye mibuni iliyopandwa na baba mkwe wake ana sehemu gani? Hata hivyo kijana mwenye simu amefika kwake kama atakavyofika kwenye shamba la soya la maelfu ya hekta, na kwa mwenye shamba la maelfu ya hekta kuchora mpaka ni kazi ya karani mmoja kwa siku moja.

Yafaa pia tueleze kwa nini Ulaya imefika mahali pa kutunga sheria. Kwa miaka mingi kampuni zao ziliachiwa zijisimamie kwa hiari, zikabandika alama za sifa njema juu ya bidhaa zao. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka katika nchi ya Bangladesh, lilianguka juu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo vilivyokuwa ndani yake, wakafa zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, na wafanyakazi waliamriwa kurudi kazini. Baada ya hapo ukaja ubishi wa kusikitisha: nguo za nani zilikuwa zikishonwa mle? Ikabidi watetezi wa wafanyakazi waingie katika kifusi kutafuta lebo za nguo ili kampuni zisipate kukana. Tangu hapo wengi walielewa kwamba mwenye kuuza nguo London au Paris aweza kabisa asijue, au asitake kujua, imeshonwa na mkono wa nani. Ufaransa ikatunga sheria ya uangalizi mwaka 2017, Ujerumani ikafuata mwaka 2021. Mfanyakazi yeyote wa nchi hii anayesoma habari ile ya Dhaka hawezi kusema kwamba si kitu kumlazimisha mnunuzi ajue bidhaa yake yatoka wapi. Twalitaka jambo hilo. Tumelitaka siku zote.

Basi ugumu uko wapi? Uko katika njia ipitayo kahawa.

Mkulima huchuma matunda mekundu, huyamenya kwa mashine ya mkono au huyapeleka kwenye mtambo wa kijiji, huyachachusha, huyaosha, huyaanika. Kahawa iliyokauka, ikiwa bado na ganda lake la ndani, huipeleka kwenye chama cha msingi. Huko hupimwa na kumiminwa pamoja na ya jirani, na ya jirani wa jirani. Gari huichukua mpaka kiwandani Moshi, ambako wafanyakazi huikoboa, huichambua na kuipanga kwa madaraja: AA, A, B, C na ile ya punje moja ya mviringo iitwayo PB. Kisha huenda mnadani, kisha bandarini. Kontena moja hupakiwa kiasi cha magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Tuseme kila mkulima ametoa kilo 50 za kahawa safi, na wako wengi wasiofikisha hapo; katika kontena hilo moja mna jasho la wakulima 384. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kahawa ya nchi yetu hulimwa na watu wa namna hiyo, kutoka Kilimanjaro na Arusha mpaka Mbinga, Mbozi, Kigoma na Kagera.

Ushirika wetu ulijengwa juu ya kuchanganya. Nguvu ya mnyonge ilikuwa katika kuimimina kahawa yake ndani ya ya wenzake, ili mnunuzi asipate kumkabili peke yake. Sheria mpya, pasipo kukusudia, yadai kinyume: yataka kila punje ikumbuke shamba lake. Si kwamba inakataza kuchanganya kahawa ya wakulima waliothibitishwa. Hiyo inaruhusiwa. Ila akiwapo mmoja miongoni mwa wale 384 ambaye shamba lake halijulikani, na kahawa yake haiwezi kutengwa, basi shehena nzima imeharibika. Wafanyakazi wa kiwandani walituambia wenyewe maana yake: kutenganisha lundo na lundo, kusafisha mashine kati ya lundo na lundo, kuandika na kuandika tena, na mshahara ule ule.

Mwenye duka huko Ulaya akiliona jambo hilo atafanya nini? Hana haja ya kuwa mtu mbaya. Atahesabu tu gharama, na ataona kuwa ni nafuu kununua kwa shamba moja kubwa la Brazili kuliko kwa watu 384. Mwishoni mwa mwaka 2023, sheria ikiwa bado haijaanza kutumika, zilikwisha kutangazwa habari kwamba wanunuzi wa Ulaya wameanza kupunguza oda za kahawa ya Ethiopia, nchi ambayo kahawa yake hulimwa na mamilioni ya wakulima wadogo. Sheria iliyokusudiwa kuulinda msitu yaweza hivyo kumsukuma nje ya soko mtu aliyekaa kwa amani na miti kuliko wote.

Hapo tunafika penye jambo la kuchekesha, kama lisingekuwa la kuumiza. Kihamba si shamba tupu. Juu kuna mringaringa na mruka vinavyotoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni viazi vikuu na majani ya ng’ombe. Wazee waliupanga mpango huo wa ghorofa kwa ghorofa kabla ya mtu yeyote kuandika kitabu juu yake. Sasa chombo cha angani kinapopita na kupiga picha, chaona nini? Chaona vichwa vya miti. Ramani zilizotengenezwa kwa picha hizo, ikiwamo ile ya watu wa Ulaya wenyewe ya kuonyesha misitu kama ilivyokuwa mwaka 2020, zimelaumiwa mara nyingi kwa kuhesabu mashamba ya kivuli kuwa ni msitu. Sheria kwa maneno yake hailikusudii hilo. Ardhi ambayo kazi yake hasa ni kilimo haiitwi msitu hata ikiwa na miti mingi. Lakini mkulima akiuangusha mruka uliozeeka ili apande mche mpya, na karani aliye mbali akaona doa jeupe mahali palipokuwa kijani, nani atamweleza karani yule? Yule aliyekwisha kukata miti yake yote zamani na kuiacha mibuni juani hana mashaka yoyote. Picha yake ni safi. Aliyeitunza ndiye atakayeitwa kujieleza.

Mtu wa kumjibu karani yule hawezi kuwa bibi peke yake. Lazima awe mtu aliye karibu na shamba, mwenye daftari la miaka, awezaye kusema: mti huu uliangushwa mwezi fulani, chama kinajua, na mche umepandwa mahali pake. Hapo ndipo swali la bibi lilipoanza kutuchoma.

Maana tazameni itakavyokuwa kama ramani zote zitakaa kwa wanunuzi. Mkulima aliyepimwa na kampuni fulani hana cheti mkononi. Kipimo chake ni mali ya kampuni. Msimu ujao akitaka kuipeleka kahawa yake kwa mwingine mwenye bei bora, yule mwingine atamwuliza: uthibitisho wako uko wapi? Atajibu kuwa uko kwa fulani. Basi atarudi kwa fulani, na fulani atajua kwamba hana pengine pa kwenda. Zamani mkulima alifungwa kwa mkopo wa mbolea na kwa fedha za kununuliwa kahawa ikiwa bado mtini. Vijana wanaweza kuwauliza wazee wao jinsi mambo yale yalivyokwisha. Leo aweza kufungwa kwa nukta moja ndani ya simu ya mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twaongeza kuwa na daftari likikaa kwa mnunuzi, mali nayo imekwisha kuelekea huko.

Tumeambiwa na baadhi ya watu kwamba hofu hii imezidi, kwa kuwa soko huria humpa mkulima uchaguzi. Twawajibu kwa historia ya zao lenyewe. Tangu mwaka 1962 nchi zinazolima na zinazonunua kahawa zilikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliogawa mafungu ya kuuza ili bei isianguke. Mwezi wa Julai 1989 mafungu hayo yalivunjika, bei ikaanguka. Mwaka 2001 arabika katika soko la New York iliuzwa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na watu mlimani wakang’oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Mwezi wa Februari 2025 bei katika soko hilo hilo ilipita dola 4 kwa ratili, jambo ambalo halijapata kuonekana. Kati ya bei zile mbili mkulima hakubadilisha chochote katika kazi yake. Ile alama ya biashara ya haki iliyoanza Uholanzi mwaka 1988 kwa jina la Max Havelaar ilisaidia, wala hatuidharau: iliweka bei ya chini isiyovukwa, na vyama vyetu vikuu vya Kilimanjaro na Kagera viliuza kahawa kwa njia hiyo. Lakini alama haimlazimishi mtu kununua, na kahawa isiyopata mnunuzi wa namna hiyo huuzwa kama nyingine.

Sheria mpya haikuweka bei. Imeeleza kwa tarakimu sita mahali shamba lilipo, lakini haikumpa mwenye shamba kiwango cha kulipwa. Inamtwika kampuni iliyoko Hamburg au Antwerp wajibu wa kuthibitisha. Kampuni inamtwika mwuzaji wa nje. Mwuzaji anakitwika chama. Na chama, kisipoangalia, kitamtwika bibi, kwa kumkata shilingi kadhaa katika kila kilo kwa jina la “gharama za upimaji”. Twasema waziwazi: anayehitaji uthibitisho ndiye aulipie. Wanunuzi wakitaka kahawa yenye ramani, ramani hiyo ihesabiwe katika bei kama vile daraja la AA linavyohesabiwa.

Liko jambo jingine ambalo twaogopa litapitishwa kimya kimya, nalo ni jina. Kijana mwenye simu aliuliza jina, akaandika. Jina la nani? Katika kijiji kile tulihesabu, kwa kutembea tu na kuuliza, wajane wanne katika njia moja. Wanalima, wanapalilia, wanachuma na kuanika. Lakini katika daftari la chama kahawa imeandikwa kwa jina la marehemu, au la shemeji, au la mtoto wa kiume aliyeko Dar es Salaam asiyejua tofauti ya palizi na upogoaji. Leo jina hilo laweza kuwa makosa madogo ya karani. Kesho, likiisha kuunganishwa na nukta ya latitudo na longitudo na kuwekwa katika kompyuta ya nchi za mbali, litageuka ushahidi. Shemeji atasema, “Shamba ni langu, hata Ulaya wanajua.” Sheria ya Ulaya haikudai hati ya kumiliki ardhi, na viongozi wa vijiji wasikubali kudanganywa kwamba imedai. Yawezekana kabisa kuandika jina la anayelima bila kuamua kesi ya mirathi. Lakini lazima mtu akumbuke kuyaandika yote mawili, mwenye kulima na mwenye kihamba, na kijana aliyetumwa kupima tu hatakumbuka.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni kubwa mno kwa vyama vyetu. Hao tuwakumbushe mwaka 1925. Katika siku hizo walowezi wa Kizungu wa Moshi walifanya kila jitihada Waafrika wazuiwe kulima arabika. Walisema kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa na wadudu, italeta wizi, itaharibu sifa ya kahawa ya mlima. Hawakusema kwa sauti ile ile kwamba Mchagga mwenye kahawa yake hatakwenda kupalilia ya kwao. Wakulima hawakujibu kwa malalamiko peke yake. Waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters’ Association, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo, wakapigana na magonjwa ya mibuni wao wenyewe na kuuza kahawa yao kwa pamoja. Katika mwaka 1933 kazi hiyo ikachukuliwa na chama kikuu cha KNCU. Waliambiwa hawawezi kuthibitisha ubora wa kahawa yao, nao wakauthibitisha kwa mikono yao. Hawakumwomba mlowezi awaandikie.

Hatusemi kwamba ushirika haukuwa na aibu zake. Wakulima wanazo kumbukumbu za mizani iliyochezewa, za malipo ya pili yaliyosubiriwa mpaka mtoto akafukuzwa shule kwa karo, za madeni yaliyofanywa na wachache na kulipwa na wote. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri, na viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 havikurudi na imani yote waliyokuwa nayo watu. Bibi mwenyewe alipotaja chama alivuta pumzi kabla ya kutaja. Hata hivyo alikitaja. Katika chama ana kura. Katika kampuni hana.

Basi twapendekeza haya, na twayaelekeza kwa wajumbe wa kamati za vyama vya msingi kabla ya msimu mwingine kuanza. Daftari la mashamba liwe mali ya chama, na nukta ya kila shamba iandikwe pia katika kadi ya mwanachama ili aweze kuichukua popote aendapo. Vijana wa kijiji wafundishwe kupima; simu wanazo, na kazi ya kusimama katikati ya migomba haihitaji mtu wa kutoka mjini. Anayetaka kuzitumia nukta hizo aombe, atie sahihi, alipe. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hatuoni sababu kwa nini iwalinde wenye akaunti za benki mjini isimlinde mwenye mibuni mlimani. Serikali kwa upande wake ishike ramani ya msitu iliyo sahihi, inayotofautisha kihamba na hifadhi, ili karani wa mbali akiuliza ajibiwe kwa ramani ya nchi hii. Na wafanyakazi wa viwandani wanaoongezewa kazi ya kutenganisha na kuandika waingize jambo hilo katika majadiliano yao ya mishahara mapema, kwa kuwa kazi ikiisha kuzoeleka bure hailipwi tena.

Kuna wanaoshauri tungoje, kwa kuwa sheria iliyokwisha kuahirishwa mara mbili huenda ikaahirishwa tena, au ikapunguzwa makali mpaka isiwe na meno. Huenda. Lakini wanunuzi hawakungoja. Tangu mwaka 2023 wamekuwa wakipima, na kila nukta waliyokwisha kuichukua imo katika vitabu vyao, sheria iwepo isiwepo.

Tulipopita tena katika kijiji kile msimu uliofuata tulimkuta bibi penye kichanja chake. Tukamwuliza kama alipata jibu. Akasema swali lake lilikubaliwa kuandikwa katika ajenda za mkutano mkuu wa chama, likawekwa la nane, baada ya hesabu za mbolea na ukarabati wa ghala, na giza lilipoingia mkutano ulikuwa umefika la sita. Mnunuzi ameandikiwa barua kuombwa nakala za vipimo, naye hajajibu. Safari hii bibi ameomba swali liwe la kwanza, na amewaambia wale wajane wengine watatu wafike mapema wakae mbele.